Nyasi za kienyeji kwa shamba lililobaki udongo mtupu, nani amejaribu?

mfugaji_kajiado:
Wadau habari zenu. Nina ekari chache huku Kajiado, zamani palikuwa na nyasi ndefu za kuota mafungu mafungu, sasa ni udongo mwekundu mtupu, mvua ikinyesha maji yanateleza juu kama kwenye sakafu yanaishia korongoni. Nilijaribu nyasi ya kupandwa ya Boma Rhodes ikakauka yote. Kuna mzee kaniambia nirudishe Cenchrus ciliaris, ile ya kichwa kama mkia. Inavumilia kweli?

mama_mbuzi:
Inavumilia sana ndugu yangu. Boma Rhodes inataka mvua nyingi kuliko hiyo ya kwenu, lakini hii Cenchrus mizizi inashuka hata mita 2, kiangazi majani yanakauka lakini shina chini liko hai, ikinyesha tu inachipua. Mi nilichanganya na Eragrostis superba, nyasi nyingine ya kienyeji, ng'ombe wanaipenda mno. Wengi wanakosea kwenye mbegu, usipande iliyovunwa juzi, bado imelala haitaota, iweke gunia pakavu miezi kadhaa. Alafu usiifukie sana, chimba mifereji kukata mteremko, mwaga mbegu kabla ya mvua za vuli, udongo kidogo tu juu. Na mifugo isiingie mpaka itoe mbegu yenyewe, hapo ndo watu hushindwa.

olopololi:
Na fungu moja likishika utaona udongo unaokuja na maji unakwama pale, maji yanazama, mbegu zingine zinaota pembeni. Sisi Wamaasai nyasi sio chakula cha ng'ombe tu, ukishika nyasi mkononi umeomba amani, na boma lilikuwa na olopololi, malisho yaliyofungwa ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Anza na kipande kidogo hivyo hivyo.

msukuma_wa_shy:
Huku Shinyanga ni ngitili, unafunga eneo wakati wa mvua unafungua kiangazi. Zilikuwa karibu zimeisha, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ukasaidia watu kuzirudisha. Chimba kwanza kijembe kimoja uangalie, kama bado kuna mashina ya zamani yana uhai funga tu, unaweza usihitaji mbegu kabisa.

mfugaji_kajiado:
Nimetoka kuangalia sasa hivi, chini ya miiba upande wa korongo kuna mafungu kama kumi bado yapo!! Kesho naanza kuzungushia matawi.