Naomba ushauri: nitawaelezaje wazazi vipindi vipya vya afya na balehe?

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule moja ya msingi hapa Moshi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, nasi tumepanga upya vipindi vya afya: usafi, balehe, hedhi, na mtoto kujua kukataa anaposhikwa vibaya. Basi. Lakini huko mtaani Pasua habari zilizofika ni kwamba "walimu wanafundisha watoto uzinzi". Baba mmoja alikuja na daftari la bintiye, ukurasa wa hedhi ameukunja, hata salamu hakunipa.

Jumamosi tuna kikao cha wazazi. Ukumbi ni mmoja, mtu na mkwewe wako benchi moja. Nitatamkaje neno "uke" pale? Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ya 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, ilitusumbua hivyohivyo. Wengi walikubali baada ya kumsikia muuguzi, si sisi.

Nawaza kuwatenganisha akina baba na akina mama, kisha niwape madaftari yenyewe wasome. Au nianze na shehe na mchungaji? Mliowahi kuendesha kikao kama hiki, mlianzaje? Na akina mama wa soko la Mbuyuni, wasioweza kuacha biashara, niwafuate hukohuko?