Kusoma wasia wa utani siku ya mahafali ya fomu siksi, ni uchuro au ruksa?

Kinda_la_Chumbageni:

Wakuu heshima kwenu. Mie niko fomu siksi, mchepuo wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), shule ya bweni hapa hapa Tanga, jina siitaji maana walimu nao wanapita humu kimya kimya. Mahafali yetu yamekaribia na kamati imenipa dakika tano niandae kitu cha kuchangamsha ukumbi baada ya risala, si mnazijua risala zetu, uzio hatuna, matundu ya vyoo hayatoshi, gari la shule bovu, mgeni rasmi anaahidi mifuko ya saruji, watu wanapiga makofi, biashara imeisha.

Sasa kuna binamu yangu anaishi Marekani alishanisimulia kwamba kule wanaomaliza sekondari wana mchezo wao wa kuacha wasia. Mambo ya zamani, mwanzoni mwa karne iliyopita vile vitabu vya picha vya mwaka vya shule vilikuwa vinauchapisha kabisa pamoja na utabiri wa nani atakuja kuwa nani. Wanaanza kwa mikogo kama wakili, sisi tukiwa na akili timamu na afya njema tunausia kama ifuatavyo, halafu hapo ndo vituko, huyu anamwachia dogo kabati lake la kwenye korido, yule anaacha nafasi yake ya kupaki gari, mwingine anamwachia mwalimu wa hesabu usingizi wote aliolala kwenye kipindi chake. Mie nikacheka peke yangu nikasema hii ndo yenyewe.

Nikapeleka wazo kwa mwalimu mlezi wa kamati, akaniangalia kama nimemletea sanda. Eti wasia ni wa mtu anayekufa, mtihani mwezi wa tano, wewe unataka kutuchuria shule nzima? Nikampigia mama nyumbani nae yale yale, mwanangu usijitabirie mabaya. Sasa nimekwama. Kuna aliyewahi kufanya kitu kama hiki? Na walimu unawagusaje bila kuzungushwa kwenye livingi yako, yaani cheti cha kumaliza shule?

Mzigua_wa_Handeni:

Dogo huyo mwalimu wako atakuwa hajawahi kukaa kwenye msiba wenye watani. Alipofariki babu yangu watani zake walikuja, wajukuu wa Wanyamwezi waliokuja huku zamani kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, watu tunalia wao mmoja kashavaa kanzu ya marehemu na kofia yake anatembea kama yeye, kamguu kanaburuta vile vile, anadai madeni ya babu kwa sauti ya babu. Mwingine akaingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe hela ya soda. Bibi, mwenye msiba, alicheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani. Hakuna aliyesema uchuro, na hapo kuna maiti kweli, sio mtihani wa mwezi wa tano.

Kwahiyo hicho unachokiita cha Marekani usikipeleke kwa jina la Marekani, mwambie mwalimu ni utani. Sisi tuna utani wa babu na mjukuu, utani wa makabila, hata Simba na Yanga wanaitana watani. Fomu siksi na fomu faivu ni watani pia, tena wanalala chumba kimoja.

Shangazi_Raskazone:

hahahaha wao wanaachiana paking ya gari, nyie mtaachiana nini, kamba ya kuanikia?

Kinda_la_Chumbageni:

Shangazi kamba ya kuanikia ni mali usiicheze, ile ya karibu na bomba ina foleni ya urithi tangu mwaka jana.

Ustadh_wa_Ngamiani:

Assalaam alaykum. Kijana wasia wenyewe hauna tatizo, bali tumeusiwa kuusia. Ila kama unataka kuucheza basi ucheze kwa sheria zake uone utakavyonoga. Kwanza, anayeusia hazidishi theluthi ya mali yake. Pili, mrithi hausiwi, mpaka warithi wenzie waridhie. Tatu, na hili ndilo wanafunzi wa bweni mnalikimbia, madeni yanalipwa kabla ya wasia. Kwahiyo kabla hujamwachia mtu ndoo nenda kamalizane na yule mama wa vitumbua pale getini.

Shangazi_Raskazone:

ustadh theluthi ya ndoo si itakuwa mfuniko tu na kishikio jamani

Chaki_na_Vumbi:

Mimi ni mwalimu, Kiswahili, miaka kumi na kitu sasa, na nimekaa kwenye kamati za mahafali nyingi tu, kwahiyo niruhusuni niongee kwa urefu kidogo.

La uchuro tulimalize. Neno wasia kwa Kiswahili halijawahi kuwa la kifo peke yake, ni mausio pia, maneno ya kumwachia mtu unapoondoka. Shaaban Robert, mtu wa hapa hapa kwetu, kazaliwa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909, aliwatungia watoto wake tenzi za kuwausia na wala hakuwa kitandani anakata roho. Mwambie huyo mwalimu mlezi hivyo, kama anafundisha Kiswahili atanyamaza, kama anafundisha kemia itabidi umtafutie njia nyingine.

Hatari yenyewe iko kwingine. Mwaka mmoja, shule nisiyoitaja, kijana alipanda jukwaani na kitu kama hicho chako, hakikuitwa wasia lakini ndo huo huo, akasema namwachia mwalimu fulani deni lake kwa mama ntilie. Ukumbi ukalipuka, wazazi wanapigana vibega, mimi mwenyewe nilicheka sitasema uongo. Ila mke wa mwalimu alikuwa kakaa mstari wa tatu na deni hilo ndo alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Yule mwalimu hakumfanya kijana chochote, hakumfokea wala nini, aliacha tu kuja kwenye mahafali, mpaka anahama ile shule sikumwona tena ukumbini.

Na majina ya utani ya walimu, jamani. Mnatupa majina tunajua, mengine tunayapenda. Lakini kuna mwenzetu alikaa miaka sita hajui kama anaitwa Msumeno, kalijua siku ya mahafali, kwenye spika, mbele ya mkuu wa shule na mgeni rasmi. Kama jina mwenyewe hajawahi kulisikia sio wewe wa kumpelekea siku hiyo.

Ninachokushauri, acha kitu chako mwenyewe. Usingizi wako, uongo wako wa kuumwa, kandambili zako, sufuri zako. Mwalimu atokee kwenye wasia kama mtu aliyekukamata, sio kama mtu uliyemkamata, hapo hata mwalimu wa nidhamu atacheka mpaka miwani imtoke. Halafu mpelekee karatasi aisome kabla, usimshtukize. Na usijaribu kuusoma kwenye mahafali ya vyama vya dini vya wanafunzi, UKWATA wala TYCS wala TAMSYA, kule acha watu waombewe dua zao kwa amani.

Lango_la_Bweni:

Sisi tulimaliza 2009 na hatukuita wasia ila ulikuwepo, tena wa kweli, fomu siksi akikaribia kuondoka madogo wanaanza kumhudumia ghafla, anachotewa maji, anapigiwa pasi, kumbe jicho liko kwenye godoro. Mimi nilirithi tranka lenye kufuli ambalo ufunguo wake alishapoteza mtu aliyemrithisha aliyenirithisha mimi, tulikuwa tunalifungulia kwa kijiko cha bwalo. Nikarithi na pasti pepa zimekaa mafuta ya mandazi mpaka maswali hayasomeki, unasoma jibu halafu unabuni swali. Na otografu nazo zilikuwepo, daftari linazungushwa bweni zima unaandika chakula unachopenda, wote tunaandika pilau, na humo bwaloni ni ugali maharage Jumatatu mpaka Jumatatu.

Kwahiyo dogo usihangaike kubuni, angalia chini ya kitanda chako tu uandike ulichokiona.

Waja_Leo:

mie napinga. mtoto wa watu kalipiwa nauli mzazi katoka Lushoto huko na kikapu cha matunda damu anataka asikie mwanae kapata nini sio kusikia habari za kandambili. mahafali ni siku ya heshima

Lango_la_Bweni:

@Waja_Leo huyo mzazi wa Lushoto ndo atacheka kuliko wote, risala haimhusu, yeye matundu ya vyoo atayafanyia nini?

Waja_Leo:

haya mkuu. ila iwe fupi

Kinda_la_Chumbageni:

Wakuu nimerudi. Nimemsomea mwalimu mlezi maneno ya Chaki_na_Vumbi, kanyamaza, kasema ataangalia, kwa hapa shuleni hiyo ni ndiyo. Rasimu hii hapa, nipondeni sasa kabla ya siku yenyewe.

*Sisi wahitimu wa kidato cha sita, tukiwa na akili timamu (matokeo ya moku ya hesabu yasitumike kama ushahidi), tukiwa tumeshiba kiasi, tunausia kama ifuatavyo.*

*Kwa mwalimu wa nidhamu, namwachia kandambili yangu ya mguu wa kushoto. Ya kulia anayo yeye ofisini tangu usiku ule wa ukutani, na sasa ataweza kuzivaa.*

*Kwa matroni, namrudishia magonjwa yote aliyoniandikia ruhusa, tumbo la Jumatatu ya paredi, kichwa cha siku ya kufyeka, na ile homa iliyokuwa inapona kengele ya chakula ikigonga.*

*Kwa wapishi wetu, yale mawe yote ya kwenye maharage tumeyatunza miaka miwili. Tunaomba yaunganishwe na mifuko ya saruji ya mgeni rasmi, matundu ya vyoo yatatosha.*

*Kwa dogo atakayelala kitanda changu cha juu, chini ya bati linalovuja, namwachia ndoo pamoja na maelekezo. Masika aiweke upande wa kichwa, vuli upande wa miguu, kiangazi aifiche maana kutakuwa hakuna maji na kila mtu ataitaka.*

*Kwa PCM, watu wa fizikia, kemia na hesabu, mlioingia darasa zima mkabaki tisa, nawaachia historia. Mkonge ulipoletwa nchi hii mwaka 1893 miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na nyie mnaona wenyewe mkoa ulivyojaa.*

*Kwa fomu faivu wote, nyuki wa kwenye mwembe nyuma ya bweni. Ni ukoo wa wale waliowatimua askari wa Mwingereza hapa Tanga Novemba 1914. Kiranja akija kuwaamsha prepo ya alfajiri mnajua wanapokaa.*

*Kwa mwalimu wetu wa historia, yale majibu yote ya "ndiyooo" aliyopewa kila akiuliza tumeelewana. Tunaomba radhi, mengine hayakuwa ya kweli.*

Bado nataka kipengele cha mkuu wa shule ila naogopa.

Chaki_na_Vumbi:

Ya kandambili nimecheka peke yangu stafu mpaka nikaulizwa. Ya wapishi, nenda kaongee nao kwanza, wale ni wakubwa zako na bado utakula kwao mpaka mwezi wa tano, mimi ningeyaacha mawe ila ningewashukuru kwa kitu kimoja cha kweli hapo hapo, hata ukoko. Nyuki punguza, mzazi mwingine atakuja kuuliza kama huo mwembe una nyuki kweli, na kama wapo kweli basi ndugu yangu hiyo ilitakiwa iende kwenye risala. Mkuu wa shule usimwachie kitu. Mwombe akuachie livingi.

Mzigua_wa_Handeni:

Kipengele cha historia kimenigusa. Sisi babu zetu hiyo mikonge imewachoma sana mpaka ikajaa mkoa, PCM waambiwe na hilo.

Dabo_Deka:

Kaka Kinda samahani naingilia. Mie ni fomu faivu nalala kitanda cha chini yako na unanijua. Hiyo ndoo ulishaniahidi mimi mwezi wa kwanza, nikakuchotea maji wiki mbili, nina mashahidi wawili. Sasa naona umeandika "dogo atakayelala kitanda changu cha juu", mie silali juu, juu anahamia mwingine. Naomba wasia urekebishwe.

Shangazi_Raskazone:

🤣🤣 hata mahafali hayajafika ndugu washaanza kugombania mirathi

Ustadh_wa_Ngamiani:

Mashahidi wawili wanatosha. Ndoo ya Dabo_Deka.

Kinda_la_Chumbageni:

Wakuu msigombane. Ndoo imeibiwa jana usiku bombani.

Ustadh_wa_Ngamiani:

Pole sana kijana. Deni la vitumbua lakini halijaibiwa.