Ukabaila Uingereza: mtwana aliuzaje shamba lisilo lake?

Mdadisi: Wakuu, kisheria shamba la mtwana, yaani mkulima asiye huru, lilikuwa mali ya bwana wa manori, yaani mwenye milki ile ya ardhi. Mbona magombo (kumbukumbu za ngozi) ya mabaraza ya mabwana hao ya karne ya 13 na 14 yamejaa watu wanaohamishiana mashamba? Waliuziana nini hasa?

Fimbo: Waliuziana nafasi ya kulishika. Muuzaji alifika barazani, akalirudisha shamba mikononi mwa bwana kwa kumpa msimamizi fimbo, akitaja anayemwachia. Msimamizi akampa huyo fimbo ileile, naye akaapa utii na kulipa ada ya kuingia. Karani akaandika. Mistari ile kwenye ngozi ndiyo iliyokuwa hati yake. Baadaye walioshika mashamba hivyo wakawa wanapewa nakala ya mistari hiyo. Waliomalizana pembeni bila baraza walijiponza: bwana aliweza kulitwaa shamba.

Ngwe30: Na mzigo ulihama pamoja na shamba, mkuu. Shamba kamili lilikuwa kama ekari 30, lakini si kipande kimoja: ni ngwe nyembamba zilizotapakaa kwenye makonde mawili au matatu ya kijiji, moja likipumzishwa kila mwaka. Kwa hizo alidaiwa kazi kwenye shamba la bwana, mahali pengi siku mbili tatu kwa wiki, na wakati wa mavuno zaidi. Akifa, bwana alichukua mnyama wake bora. Urithi ndio usiuseme kijumla: kuna manori ambako aliyerithi ni kitinda mimba wa kiume, na fungu la mjane lilitofautiana.

Mdadisi: Na bwana akiamua tu kumfukuza?

Fimbo: Mahakama ya mfalme isingemsikiliza mtwana kuhusu shamba hilo. Kinga yake ilikuwa desturi ya manori, ikithibitishwa na wanakijiji walioapishwa. Kinga hafifu, ila si bure: bwana naye alihitaji mikono. Tauni ya 1348–49 ilipofyeka watu, mabwana ndio wakawa wa kubembeleza, na siku za kazi nyingi zikageuzwa kodi ya fedha. Wakulima walioasi mwaka 1381 hawakuchoma magombo kwa hasira tupu. Humo ndimo madeni yao ya kazi yalimoandikwa. Ulinzi wa mahakama za mfalme kwa wenye nakala ulikuja mwishoni mwa karne ya 15, na umiliki huo ukafutwa rasmi 1 Januari 1926.

Ngwe30: Ukiyasoma magombo, tazama ada ya kuingia. Ikishuka ghafla baada ya 1349, au shamba likiandikwa limebaki mikononi mwa bwana, ujue wa kulitaka walikuwa haba.