Maikrowevu imezima ghafla, duka linasema "magnetroni imekufa" na waranti haihusu. Wizi mtupu!

Wakuu nina hasira mpaka mikono inatetemeka kwa hiyo mnivumilie nikiandika ovyo.

Maikrowevu nilinunua Kariakoo, mpya kabisa kwenye boksi, risiti ya EFD ninayo, kadi ya waranti ya mwaka mmoja imegongwa muhuri wa duka na huo mwaka haujafika hata nusu. Juzi usiku mama watoto anapasha wali, katikati akafungua mlango augeuze, ikasikika "tap!", taa ya ndani ikazima, saa ya mbele ikapotea, kimya. Hakuna moshi wala harufu ya kuungua. Nikachomeka pasi kwenye soketi ile ile, ikapata moto vizuri tu, maana yake soketi nzima na yuniti zipo, iliyokufa ni maikrowevu.

Nikaibeba kwenye bajaji mpaka dukani. Fundi wao hata skrubu moja hakufungua! Kachomeka, kabonyeza vitufe, kachomoa, "bosi wangu hapa magnetroni imekufa, 120,000, na hii ni shoti ya umeme kwa hiyo waranti haihusu". Hela hiyo ukiongeza kidogo unachukua nyingine mpya. Nikamuuliza umejuaje bila kufungua, eti "uzoefu". Uzoefu gani huo jamani???

Magnetroni si ndo ile inayotengeneza mawimbi ya kupasha? Ikifa, taa inawaka, sahani inazunguka, feni inavuma, dakika zinahesabu mpaka mwisho af chakula kinatoka baridi vile vile. Ya kwangu haiwashi hata saa! Kitu kikizima chote kwa mpigo, mtu yeyote aliyewahi kushika bisibisi anaanza na fyuzi, swichi za mlango na ile thermostati inayokata joto likizidi. Huyu kaanzia kwenye kifaa cha bei ghali kuliko vyote, sijui bahati mbaya.

Na hiyo hadithi ya umeme, usiku huo haukukatika wala kuyumba, friji, TV na king'amuzi vilikuwa vinawaka vyote na mpaka sasa vizima. Meneja akaja na lingine eti ningetumia frijigadi, kile kidude cha kulinda vyombo umeme ukiyumba. Kadi nzima mbele nyuma hakuna palipoandikwa frijigadi, af zile za ampia 5 zilizojaa madukani, maikrowevu inayovuta wati 1,200 inazizidi uwezo, sasa mnataka niunguze na frijigadi juu yake? Nikamwambia basi niandikie kwamba mmekataa. Akaandika nyuma ya kadi akasaini, nadhani alitaka tu niondoke.

Hapo ndo nikampelekea fundi TV wa mtaani kwetu, mzee mmoja hana maneno mengi. Alivyofungua bodi tu, cha kwanza akaitoa chaji kapasita, maana ile inashika maelfu ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa na inaua, kwa hiyo msije mkafungua za kwenu kwa sababu mmesoma huu uzi. Fyuzi ya kauri imekatika. Akaweka nyingine, tukaingiza kikombe cha maji, ikawaka, maji yakachemka!! Magnetroni marehemu imechemsha maji wakuu. Mzee akasema ngoja, akafungua mlango kabla muda haujaisha, tap, fyuzi mpya nayo kwaheri.

Akachomoa kiswichi cha mlango akapima na mita, ukikibonyeza kinapitisha umeme, ukikiachia kinapitisha vilevile. Kimeganda ndani. Kuna kingine pale kimewekwa makusudi, kikikuta mlango umefunguliwa na umeme bado unapita kinapiga shoti chenyewe ili fyuzi ikate, mawimbi yasikupige usoni. Sasa hiyo ndo "shoti ya umeme" waliyonibandika! Swichi mbovu ya kiwandani, na waranti imeandikwa "kasoro za kiwandani" kwa herufi kubwa. Mzee kabadilisha zote mbili, anasema ile ya usalama ikishapiga shoti haiaminiki tena, pamoja na fyuzi na mkono wake 15,000.

Nikarudi dukani na swichi mfukoni wanirudishie hela yangu. Meneja bila aibu: "ulishafungua nje, waranti imekufa". Yaani mlikataa kwa maandishi, na saini yako hii hapa, af unanilaumu kwa kutafuta fundi!

Fyuzi, swichi na kadi nimeviweka kwenye bahasha, nataka kwenda nayo FCC, ile Tume ya Ushindani inayolinda walaji. Aliyewahi kupeleka lalamiko dogo kama hili anijuze walimsikiliza vipi na vielelezo gani walitaka. Wanaoniuliza jina la duka PM, sitaji kwa sasa, msinijazie inboksi.