Mawaridi kwenye jagi: huzuni ya picha inatoka wapi?

Swali
Wadau, nachambua mchoro wa rangi ya mafuta: mawaridi meupe kwenye jagi la kioo, nyuma giza, petali mbili zimeanguka mezani. Kila anayeuona anasema una huzuni. Nakubali, ila nikiandika hivyo bila kuonyesha inakotoka, yanabaki maoni tu. Nianzie wapi?

Jibu la 1
Petali ziache kwanza, mkuu, kila mtu huzikimbilia. Fumba macho nusu mpaka maua yabaki madoa ya mwanga na giza. Doa lenye mwanga kuliko yote liko wapi? Kisha fuata ukingo wa ua moja tu, taratibu. Upande wa mwanga huwa mkali. Upande wa kivuli petali huyeyukia gizani hadi usijue inaishia wapi. Kingo zikipotea hivyo, picha hutulia na kuzama. Zikiwa kali zote, maua huonekana kama yamekatwa kwa mkasi, na huzuni haikai hapo.

Chunguza weupe pia. Nyeupe tupu huwa kidogo mno; kwingine ni kijivu chenye kijani au zambarau kwa mbali.

Jibu la 2
Mulika kwa taa ya pembeni, karibu sambamba na turubai. Rangi iliyorundikwa itatupa vivuli vyake yenyewe, kama kwenye alizeti za Van Gogh za 1888. Rachel Ruysch, mchoraji wa maua wa Uholanzi, ni kinyume: tabaka juu ya tabaka, alama za brashi karibu hazionekani. Mkono wa haraka na mkono wa subira havileti hisia moja, hata maua yakiwa yaleyale.

Jibu la 3
Angalizo: kazi ya miaka usimpe mchoraji. Majani mengi katika michoro ya maua ya Uholanzi ya karne ya 17 leo ni ya buluu, kwa sababu njano ya mimea iliyotiwa kwenye kijani imefifia kwa mwanga. Vanishi kuukuu nayo hugeuka njano na kuufanya weupe uonekane wa manjano. Ukingo uliofichwa na fremu mara nyingi hubaki na rangi ya awali; linganisha hapo.

Muuliza swali
Nimefumba macho nusu. Doa lenye mwanga zaidi haliko kwenye maua, liko kwenye petali moja iliyoanguka.

Jibu la 1
Basi anzia hapo: mchoraji mwanga ameushusha mezani, mawaridi ameyaachia kijivu.