Mibuni ya mama inamwaga unga wa mbao, nifanyeje kabla hajarudi?

Mche_Mbozi: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbozi, nyumbani kwa mama. Nyuma ya jiko kuna mibuni 11, aliipanda mwenyewe. Mitatu majani yamegeuka njano, na chini ya shina kuna unga kama wa fundi seremala. Nikiufagia, kesho upo mpya. Mama anarudi mwezi ujao. Dawa gani inaua haraka?

MamaTukuyu: Pole mwanangu. Mimi kahawa nilishaiacha, nimepanda parachichi. Wanunuzi wanafika mpaka mlangoni. Hebu fikiria.

Mgani_Mstaafu: Huyo ni bungua mweupe. Mbawakawa wake ana vipapasio virefu, anataga kwenye ganda karibu na ardhi. Funza anakula ganda kuzunguka shina, kisha anazama ndani hadi mizizini, na anaweza kukaa humo zaidi ya mwaka. Kunyunyizia majani hakumfikii. Tafuta tundu, ingiza spoku ya baiskeli mpaka iguse kitu laini, sindilia pamba yenye mafuta ya taa, ziba kwa tope. Umeshaweka nini?

Mche_Mbozi: Sijaweka kitu cha maana.

Mgani_Mstaafu: Kisicho cha maana ni kipi?

Mche_Mbozi: Oili chafu. Lita tano, mashina yote. Jirani alisema inaua. Na mtu wa chenso anakuja Jumamosi, nimeshampa elfu ishirini. Jamani si uzembe, bora nikate mitatu nane ipone.

Dada_Iringa: Unakata miti ya mama yako bila kumwambia? Marehemu baba alirudi akakuta mwembe wetu umebaki kisiki. Hakutusemesha wiki nzima.

Kinyozi_Makambako: Hii chai. Shina limejaa oili, huo unga mkavu wa kufagia unatoka wapi?

Mche_Mbozi: Oili nimemwaga jana jioni kaka. Wa leo ni mweusi, umeshikana kama ugoro. Na funza ninaye kwenye kiberiti hapa mezani: mweupe, kichwa cha kahawia, hana miguu. Anakwaruza, namsikia.

Kinyozi_Makambako: Samahani mkuu. Endelea.

Mgani_Mstaafu: Basi leo leo chota udongo wote uliolowa oili, rudishia mwingine. Mbuni ulioliwa ganda mzunguko mzima, ng'oa na mizizi uchome; chenso ikikata juu, funza anabaki chini. Usirundike kuni zake jikoni. Iliyobaki isugue kwa gunzi kutoka ardhini hadi usawa wa goti, ganda liwe laini akose pa kutagia. Fanya kabla ya mvua za Novemba, ndipo mbawakawa wanatoka. Hicho kiberiti kipeleke TaCRI Mbimba, kituo cha utafiti wa kahawa, ni hapo hapo Mbozi.

Mche_Mbozi: Nimeikagua. Miwili imeliwa mzunguko mzima. Wa tatu upande mmoja tu. Spoku imetoka na utomvu mweupe wa funza. Chenso nimemzuia. Mama nimempigia. Hakugomba, aliuliza tu kama ule wa karibu na karo ni mzima.

Ndiyo huo wa tatu.