Asumini imekatwa ncha, sasa yatoa matawi

Mama Kisauni: Jamani, asumini yangu ilipanda hadi dirishani, shina moja tu. Nimeikata ncha, na sasa kila kifundo chachipua! Kwa nini?

Fundi Bustani, Likoni: Dada, ncha hutengeneza oksini, homoni ya mmea, nayo hushuka shinani ikizuia macho ya pembeni, yaani machipukizi yaliyolala. Ukiikata, oksini hupungua, saitokinini, homoni nyingine ya mmea, huongezeka vifundoni, na sukari iliyokuwa ikivutwa juu huyafikia macho. Yakaamka.

Mwalimu wa Baiolojia: Kinachoamua ni uwiano wa homoni hizo mbili. Mwaka 1957 wanasayansi Skoog na Miller walionyesha kwa tumbaku: oksini ikizidi hutoka mizizi, saitokinini ikizidi hutoka machipukizi. Basi usivitupe vile vipande, bibi! Oksini hujikusanya penye mkato wa chini, na hapo mizizi hutoka. Vipande vichomeke mchangani kivulini.